Bei mbili za ng'ombe mmoja: uchambuzi wa shehena ya maksai 1,200

Kisa hiki ni cha ushirika mdogo wa wauza mifugo uliopeleka maksai 1,200 nje ya nchi kwa meli na kurudi na hasara, ingawa ng'ombe karibu wote walifika hai na mnunuzi alilipa kila senti ya mkataba. Niliitwa baada ya mambo kuharibika, nikakaa na madaftari yao kwa wiki mbili. Wameniruhusu kukisimulia ili wengine wajifunze. Nchi zote mbili, bandari, meli, mwaka na majina nimeviondoa. Bei za kisa nimezizidisha zote kwa kigezo kimoja, kwa hiyo dola mtakazoziona humu si zile halisi, lakini uwiano wake haujabadilika. Uzito, siku na idadi ya ng'ombe ni vile vilivyoandikwa.

Usuli

Ushirika huu ulikuwa na miaka sita katika biashara ya ndani. Walijua kununua. Mwenyekiti wao, mzee aliyekulia minadani, angeweza kumtazama maksai kwa mbali na kukutajia uzito wake kwa tofauti ya kilo kumi. Walikuwa na karani, dada mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, aliyetunza daftari la kila siku. Walikuwa pia na daktari wa mifugo waliyemlipa kwa safari. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni uzoefu wa bahari.

Wazo la kuuza nje liliwajia kupitia takwimu. Mtu mmoja aliwaletea jedwali la forodha la nchi inayonunua, lenye thamani ya ng'ombe hai walioingizwa kwa mwaka na idadi yao. Waligawa thamani kwa idadi wakapata dola 1,150 kwa kichwa. Nyumbani, maksai wa kilo 340 aliwagharimu dola 1.65 kwa kilo, yaani 561. Pengo la karibu dola 590 kwa kila kichwa lilikuwa mbele yao kwenye karatasi. Walihesabu nauli na gharama nyingine zilizowajia akilini, wakaona bado linabaki fungu nono. Wakaanza kutafuta mnunuzi.

Nimeiona namba hiyo ya 1,150 imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, imezungushiwa duara. Maamuzi yote yaliyofuata yalitoka kwenye duara hilo.

Mazungumzo ya bei

Mnunuzi alipatikana, mwenye mazizi ya kunenepeshea. Hakutaka kununua kwa kichwa, alitaka kwa kilo. Ushirika ukagawa 1,150 kwa 340, ukapata dola 3.38 kwa kilo, na ukafungua mazungumzo kwa dola 3.30. Mnunuzi akasema 2.50. Baada ya siku tatu za simu alikubali kupanda hadi 2.75, kwa masharti matatu. La kwanza, bei iwe CFR, yaani muuzaji alipe nauli ya meli hadi bandari ya kushukia. La pili, kilo zihesabiwe kwenye mzani wa mnunuzi baada ya ng'ombe kushuka. La tatu, aliyekufa njiani asilipiwe.

Karani aliniambia kuwa siku hiyo kuna kitu kilimkaa vibaya. Alimwuliza mwenyekiti, "Mzee, mbona amepanda haraka hivi?" Akajibiwa, "Mwanangu, mteja akikubali bei hatumwulizi sababu." Mzee mwenyewe ndiye aliyenirudishia maneno hayo, na hakuyaficha.

Waliamua kukubali, na sababu zao zilikuwa na mantiki kwa walichokijua. Kwanza, waliamini wameshuka sana kutoka 3.38, kwa hiyo bado walijiona wako chini ya soko na salama. Pili, walijua ng'ombe wao ni wazima, wakaona sharti la vifo ni dogo. Tatu, hesabu yao kwa kichwa ilikuwa hivi: ununuzi 561, siku 21 za karantini kwa dola 2.20 kwa siku, 46, usafiri hadi bandarini, vipimo, chanjo, hereni za masikio na ada za bandari, 58, nauli ya meli, 165, malisho ya melini na wahudumu, 24, riba, 14. Jumla 868. Mapato, kilo 340 kwa 2.75, ni dola 935. Faida 67 kwa kichwa, au dola 80,400 kwa shehena nzima.

Katika hesabu hiyo yote hakuna mahali kilo 340 zinapobadilika. Ng'ombe ananunuliwa na kilo 340, anavuka bahari, anashuka na kilo 340.

Ununuzi na karantini

Walinunua ng'ombe 1,230, wakiacha 30 wa akiba. Ununuzi ulichukua wiki tatu, minadani, na hapa kuna jambo ninalotaka msomaji alione kwa karibu. Wachuuzi waliowauzia waliwafikisha ng'ombe alfajiri, wakawalambisha chumvi, kisha wakawapeleka birikani. Saa 2 asubuhi walipopanda mzani, maji yalikuwa bado yanacheza tumboni. Kila mnada una desturi hii, na mwenyekiti aliijua vizuri. Nyumbani haikuwa na madhara, kwa sababu na yeye aliuza vivyo hivyo.

Kwenye karantini damu ya ng'ombe wote ilichukuliwa. Sampuli 7 zilirudi na majibu ya kutia shaka kuhusu homa ya mapafu ya ng'ombe. Wale 7 walitengwa, na zizi lao lote likasubiri kupimwa upya. Nchi inayonunua ilitaka kundi zima litoke pamoja, kwa hiyo wengine nao walisubiri. Daktari alipendekeza kutokatiza muda huo kwa njia yoyote, na ushirika ukamsikiliza. Siku 21 zikawa 39. Majibu ya pili yalirudi safi.

Meli waliyokuwa wameongea nayo haikuwasubiri. Hawakuwa wameweka nafasi kwa mkataba, walikuwa na ahadi ya mdomo tu kutoka kwa wakala. Ilibidi wachukue meli nyingine, na nauli ikapanda kutoka 165 hadi 188 kwa kichwa. Meli za mifugo ni chache duniani, nyingi zimebadilishwa kutoka meli za mizigo ya kawaida, na anayehitaji meli wiki hii hulipa anachotajiwa.

Siku moja kabla ya kupakia, daktari alipita zizi kwa zizi akakuta ng'ombe 14 wanachechemea. Aliagiza wabadilishwe na wa akiba. Mwenyekiti alikubali bila ubishi, na alifanya vyema, kwani ng'ombe anayepanda meli akichechemea hulala, na akilala sitaha ikiyumba wenzake humkanyaga. Namba za hereni za wale 14 wapya ziliandikwa kwa mkono pembeni mwa cheti cha afya. Nakala iliyokuwa imeshatumwa kwa benki na kwa mnunuzi haikuguswa. Hakuna aliyeikumbuka.

Safari

Bahari yenyewe ilikuwa ya kawaida, siku 11. Ushirika ulikuwa umepakia malisho ya akiba ya siku 3 juu ya ratiba, kwa kusisitiza kwa daktari. Meli ilipofika, wakaguzi wa nchi inayonunua walisoma hereni mojamoja, wakakuta 14 hazimo kwenye nakala yao. Meli ikasimama nje ya bandari siku 3 huku barua zikienda na kurudi. Akiba ya malisho iliisha siku ileile meli ilipopewa gati. Bila akiba hiyo ningekuwa naandika kisa cha aina nyingine kabisa, na nisingekuwa na moyo wa kukiandika.

Walikufa 5 kati ya 1,200. Ni chini ya nusu ya asilimia moja, na kwa siku 14 melini ni matokeo mazuri. Kila mmoja ana jina la sababu kwenye daftari la mhudumu wa melini: wawili nimonia ya safari (si ile homa iliyopimwa karantini), mmoja kuvunjika mguu, wawili kukataa kula tangu siku ya nne.

Kwenye mzani

Kabla ya kupakia, ng'ombe walikuwa wamepimwa bandarini wakiwa wameshiba: wastani kilo 349. Ushirika ulifurahi kwamba karantini ndefu imewaongezea kilo 9. Baada ya kushuka walipandishwa malori kwa saa 9 hadi kwenye mazizi ya mnunuzi, bila kula wala kunywa, wakashushwa moja kwa moja kwenye mzani. Wastani ulikuwa kilo 318.

Mwenyekiti alipopigiwa simu alidhani mzani wa mnunuzi una hila. Alimtuma mtu wao aliyekuwa kule aupime kwa mawe ya kupimia. Mzani ulikuwa sawa. Mtu huyo alifanya jambo moja la ziada ambalo lilikuja kutufaa sana. Aliomba ng'ombe 40 wapimwe tena baada ya siku tatu za kula na kunywa, na mnunuzi hakukataa. Wastani wa wale 40 ulipanda kwa kilo 17. Zaidi ya nusu ya kilo 31 zilizopotea tangu bandarini hazikuwa nyama hata kidogo. Zilikuwa maji na majani.

Hesabu ya mwisho

Mapato: ng'ombe 1,195, kilo 318, dola 2.75, ni dola 1,045,000 na ushei. Gharama kwa kichwa zilipanda hadi 936, kwa ng'ombe 1,200 ni dola 1,123,200. Hasara ikawa karibu dola 78,200.

Kutoka faida iliyotarajiwa ya 80,400 hadi hasara hiyo ni mporomoko wa dola 158,600. Nimeugawanya kwa asili yake, kwa sababu ushirika ulikuwa unaamini kuwa umeuawa na karantini. Kilo zilizopungua zilikula 72,600. Siku 18 za ziada za karantini, pamoja na malazi yake, 48,000. Nauli iliyopanda, 27,600. Riba, 6,000. Vifo, ambavyo ndivyo kila mtu aliviogopa tangu mwanzo, vilikula 4,400 tu.

Uchambuzi: namba iliyozungushiwa duara

Nianze na 1,150, maana kosa hili nimeliona kwa watu wenye shahada pia.

Katika HS, mfumo wa kupanga bidhaa kwa namba unaotumiwa na forodha karibu kote duniani, ng'ombe hai wako chini ya namba 0102. Tangu marekebisho ya mwaka 2012, ng'ombe wa mbegu halisi wa kuzalishia wamo 0102.21, na ng'ombe wengine 0102.29. Nyati wana namba zao, 0102.31 na 0102.39. Jedwali lililoletwa kwa ushirika lilikuwa la 0102 nzima. Nilipolifungua kwa mafungu, mmoja kati ya kila watano alikuwa mtamba wa mbegu, wengi wa maziwa na wenye mimba, kwa wastani wa dola 2,350. Wanne waliobaki, wa kuchinja na kunenepesha, walikuwa dola 850. Wastani wa makundi hayo mawili ni 1,150 kamili, lakini hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeuzwa kwa bei hiyo. Ni bei ya mnyama asiyekuwepo.

Kisha wakaigawa kwa 340, uzito wa maksai wao. Jedwali lilikuwa na safu ya kilo, hakuna aliyeitazama. Kwa fungu la 0102.29 wastani wa uzito ulikuwa kilo 330, na bei dola 2.58 kwa kilo. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya soko mezani kwa mnunuzi, na 2.75 aliyoitoa ilikuwa juu yake. Kwa hiyo karani alikuwa sahihi kushtuka. Mnunuzi alilipa senti 17 zaidi kwa kila kilo kwa sababu alikuwa ananunua pia kitu kingine: haki ya kuchagua mzani, na kumwachia muuzaji bahari yote.

Jambo la pili kuhusu namba hiyo ni mahali ilipopimwa. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa takwimu za biashara unataka mauzo ya nje yaandikwe kwa FOB, yaani thamani mpakani mwa anayeuza, na manunuzi yaandikwe kwa CIF, thamani pamoja na nauli na bima hadi mpakani mwa anayenunua. Ndiyo maana ng'ombe yuleyule huwa na bei mbili katika vitabu viwili vya serikali, na zote mbili ni za kweli. Shirika la Fedha la Kimataifa, linapokadiria takwimu za nchi zisizotoa taarifa, kwa miaka mingi lilichukulia kuwa CIF inazidi FOB kwa asilimia 10, na baadaye likashusha hadi 6. Ni makadirio ya bidhaa zote kwa jumla, kuanzia shati hadi simu. Kwa ushirika huu, nauli na malisho ya melini yalikuwa dola 212 juu ya gharama ya dola 724 hadi bandarini, karibu asilimia 29. Shati halili njiani, halinywi, wala halihitaji mhudumu wa kuliamsha likilala. Anayetumia kigezo cha jumla kwa ng'ombe atadhani pengo la bei ni faida inayomsubiri, wakati sehemu kubwa yake imeshaliwa na meli.

Ukweli mchungu ni huu: kwa bei ya soko ya 2.58 na gharama waliyopanga wenyewe ya 868, biashara hii haikuwa na faida hata kama kila kitu kingekwenda sawa na ng'ombe wangeshuka na kilo 330. Mapato yangekuwa 851. Ununuzi wa 1.65 nyumbani ulikuwa juu mno kwa msimu ule. Jibu sahihi lilikuwa kusubiri.

Ningeongeza tahadhari moja juu ya pengo la bei. Pengo hupanuka sana pale mpaka unapofungwa, kwa sababu upande mmoja ng'ombe wanalundikana na upande mwingine wanaadimika. Saudi Arabia ilipozuia mifugo ya Pembe ya Afrika kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, mara ya kwanza 1998 na tena kuanzia 2000 hadi 2009, wafugaji wa huko waliona bei zao zikianguka huku walaji ng'ambo wakitafuta nyama kwingine. Australia iliposimamisha kupeleka ng'ombe wa kuchinja Indonesia mwezi Juni 2011, mashamba ya kaskazini yalibaki na ng'ombe ambao hawakuwa na soko jingine la karibu. Marekani ilifunga mpaka kwa ng'ombe wa Meksiko Novemba 2024 kwa sababu ya funza anayekula nyama hai, ikafungua Februari 2025, ikafunga tena Mei. Mtu anayesoma jedwali la kipindi kama hicho ataona pengo kubwa na kudhani ni nafasi, kumbe ni bei ya mlango uliofungwa. Kabla ya kuuliza pengo ni kiasi gani, uliza ni shehena ngapi zimepita humo miezi mitatu iliyopita.

Uchambuzi: mkataba uliojipinga

Katika masharti ya Incoterms 2020 ya Chama cha Kimataifa cha Biashara, CFR ina maana moja muhimu inayosahaulika. Muuzaji hulipa nauli hadi bandari ya kushukia, lakini hatari ya mali humhamia mnunuzi pale tu inapokuwa juu ya meli kwenye bandari ya kupakia. Mkataba wa ushirika ulisema CFR, kisha ukasema aliyekufa halipwi na kilo ni za mzani wa kushukia. Sentensi hizo mbili ziliirudisha hatari yote kwa muuzaji. Kilichobaki cha CFR kilikuwa herufi tatu.

Matokeo yake yalionekana kwenye bima. Ushirika haukukata bima, kwa sababu wakala aliwaambia, kwa usahihi, kwamba CFR haimlazimishi muuzaji kukata. Mnunuzi hakukata, kwa sababu hakuwa na cha kupoteza: analipa walio hai tu, kwa kilo zilizofika. Ng'ombe 1,200 wenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja walivuka bahari bila bima ya mtu yeyote. Septemba 2020 meli ya Gulf Livestock 1, iliyotoka New Zealand kwenda China na ng'ombe karibu 6,000, ilizama kwenye kimbunga na wengi wa mabaharia wake wakapotea. Nikiwaza kwamba ushirika wa familia arobaini na kitu uliweka maisha yake yote kwenye chombo cha aina hiyo bila kujua, mkono unanitetemeka.

Uchambuzi: kilo

Hapa ndipo somo kubwa lilipo, na kila mmoja kwenye ushirika alikuwa na kipande chake bila kukiunganisha na cha mwenzake. Mwenyekiti alijua kuwa ng'ombe wa mnadani ana maji. Daktari alijua kuwa ng'ombe wa safari hukauka. Karani alikuwa na uzito wa kila hatua. Hakuna aliyeketi na kuandika kwamba wananunua tumbo lililojaa na kuuza tumbo tupu.

Ng'ombe mzima hubeba maji na chakula tumboni kwa sehemu kubwa ya uzito wake, na hivyo ndivyo vinavyotoka kwanza. Saa chache tu bila maji na majani zinatosha kumwondolea asilimia kadhaa. Safari ikiendelea, mwili huanza kupoteza maji ya misuli, kisha nyama yenyewe. Fungu la kwanza hurudi ndani ya siku mbili tatu akila. La pili huchukua wiki. Kipimo cha wale ng'ombe 40 kilionyesha hili waziwazi: kilo 17 zilirudi kwa siku tatu. Mnunuzi alizipata bure, kwa sababu alilipa kabla hazijarudi. Simlaumu, mkataba ulimruhusu.

Kilo 9 za furaha za karantini nazo nyingi zilikuwa tumbo. Ushirika ulizilipia malisho ya dola 86 kwa kichwa, zikatoka zote kabla ya meli kufika nusu ya njia.

Uzito unaweza pia kuwa sharti la sheria. Indonesia iliwahi kuweka kikomo cha kilo 350 kwa ng'ombe wa kunenepeshwa kutoka Australia, na kule anayenenepesha sana kwenye karantini anaweza kupitiliza na kukataliwa. Katika kisa chetu hapakuwa na kikomo kama hicho, lakini daftari la uzito la kila wiki lingefaa kwa hali zote mbili.

Yaliyokwenda vizuri

Si haki kuwasoma watu hawa kama wazembe. Waliheshimu karantini ilipokuwa inawaumiza mfukoni. Wanaokatiza hapo wanaweza kuifungia nchi nzima masoko. Waliwaondoa wale 14. Walipakia malisho ya akiba. Vifo vyao vilikuwa vichache kuliko walivyostahili kwa meli waliyopata. Na daftari la karani, lenye uzito wa mnadani, wa karantini, wa bandarini na wa kushukia, ndilo lililowezesha uchambuzi huu wote. Ushirika mwingi hauna daftari hilo, na hubaki kulaumu mzani.

Kosa la hereni lilikuwa la utaratibu tu: mabadiliko ya kundi yalipaswa kwenda pamoja na cheti kipya, siku ileile, kwa kila aliyekuwa na nakala. Siku 3 za kusubiri hatuwezi kuzitenganisha na kilo zilizopotea, ila hakuna shaka zilichangia.

Shehena ya pili

Miezi kumi baadaye bei ya minadani ilikuwa imeshuka hadi dola 1.50 kwa kilo. Mnunuzi yuleyule alipiga simu, akaomba tena bei ya mzani wake. Safari hii walimjibu kwa bei mbili, zote zimekokotolewa na karani.

Ya kwanza ilikuwa dola 2.00 FOB. Ng'ombe wapimwe kwenye bandari ya kupakia baada ya saa 12 bila chakula, wakipewa maji hadi saa ya kupanda mzani, pande zote mbili zikiwepo, kisha asilimia 4 ikatwe kwa makubaliano. Baada ya hapo bahari ni ya mnunuzi, na vifo, na meli.

Ya pili ilikuwa dola 2.77 kwenye mzani wake. Ndani yake mlikuwa na kilo 317 badala ya 340, nauli, bima, siku 10 za karantini ambazo huenda zisitokee, na faida ya dola 30 kwa kichwa, sawa na iliyomo kwenye bei ya kwanza.

Mnunuzi alikaa na bei hizo siku mbili, akachagua 2.00. Alikuwa na shehena nyingine ya kuunganisha kwenye meli hiyohiyo, kwa hiyo nauli ilimwia nafuu kuliko ambavyo ingewezekana kwao. Walipakia ng'ombe 600, wakabaki na karibu dola 18,000.

Mwenyekiti alikuwepo bandarini siku ya kupima. Ng'ombe wa kwanza alipopanda mzani hakumtazama mnyama kama alivyozoea. Alisimama nyuma ya karani, akasoma namba pamoja naye.